Macho Hayana Pazia: Sarakasi na Michezo ya Ajabu ya Karne ya 18



Wazee wetu walisema kuwa macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho likifunguka huona lililo mbele yake, zuri au baya, wala halingoji ruhusa ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo, tangu zamani wako watu waliolifanya jicho la mwanadamu kuwa duka. Huliwekea mbele yake kitu cha kulishangaza, kisha hunyoosha mkono kupokea ada. Leo tunataka kuizungumza biashara hiyo ilivyokuwa katika karne ya kumi na nane, kwani ndipo ilipozaliwa ile tuiitayo sarakasi. Neno hilo sisi tumelipokea kwa Waingereza, nao wamelitoa katika Kilatini, ambako maana yake ni duara.

Huenda mtu akauliza: Yatuhusu nini mambo ya wapanda farasi wa London waliokwisha kufa zamani? Yatuhusu sana. Kila nyumba ina watoto, na kila mtoto ana macho. Mzazi atoaye fedha yake ili yeye na wanawe washangazwe, ni haki yake ajue amenunua nini. Je, amenunua ustadi wa mtu aliyejifunza kwa jasho lake? Au amenunua uongo uliovishwa nguo nzuri? Au amenunua mwili wa binadamu mwenzake? Katika karne hiyo yote matatu yaliuzwa, na mara nyingi yaliuzwa katika uwanja mmoja. Basi tuyatazame moja baada ya moja.

GULIO LA SMITHFIELD

Katika mji wa London palikuwa na gulio kubwa la kila mwaka likiitwa Bartholomew, lililokuwa mahali paitwapo Smithfield. Lilianzishwa kwa hati ya Mfalme Henry wa Kwanza mwaka 1133, na katika zama zake za mwanzo lilisifika kwa biashara ya vitambaa. Lakini kufikia karne ya kumi na nane vitambaa vilikwisha kuachia nafasi yake, na uwanja ukajaa vibanda vya michezo. Hapa mtu anakwenda juu ya kamba, pale mwingine anapiga vichwangomba, kule vikaragosi vinapigana, na pembeni yuko mwenye mnyama ambaye watu hawajapata kumwona.

Miongoni mwa waliopata jina katika magulio hayo, katika miaka ya 1720, ni mfanya kiinimacho mmoja aitwaye Isaac Fawkes. Alikuwa akichukua mfuko mtupu, akiugeuza nje ndani watu wauone, kisha akiuweka juu ya meza na kuanza kutoa humo mayai, na sarafu, na ndege walio hai. Watu walimpenda, na bwana huyo alikufa akiwa na mali nyingi.

Ama sababu ya michezo hiyo kushamiri haikuwa mapenzi ya watu peke yake. Sheria nayo ilichangia. Mwaka 1737 serikali ya Uingereza, iliyokuwa imechoka kukejeliwa na watunga tamthilia, ilipitisha sheria ya kuzibana. Katika London michezo ya kuigiza kwa maneno ikaachiwa majumba mawili tu yenye hati ya mfalme, Drury Lane na Covent Garden. Wengine wote wakafungwa ulimi. Basi walifanyaje? Wakashika kazi zisizohitaji ulimi: kuruka, kucheza, kupiga muziki, kupanda juu ya kamba, kuigiza kwa ishara za mikono na uso. Mlango mmoja ulipofungwa, watu walitokea dirishani. Na mwaka 1751 ikaja sheria nyingine iliyotaka kila nyumba ya muziki na ngoma, ndani ya maili 20 za London, iwe na leseni. Kwa hiyo wachezaji hao waliishi daima mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, wakimwogopa hakimu kama wanavyomwogopa mvua.

ASKARI NA FARASI WAKE

Katika hali hiyo akatokea mtu aitwaye Philip Astley. Alizaliwa mwaka 1742 katika mji wa Newcastle-under-Lyme, na baba yake alikuwa fundi wa mbao. Mzee alitaka mwanawe ashike randa na msumeno, lakini kijana moyo wake ulikuwa kwa farasi. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na saba alikwenda akajiandikisha katika jeshi la wapanda farasi, akapigana katika ile vita iitwayo ya Miaka Saba, na akasifiwa kwa ushujaa wake. Vita vilikwisha mwaka 1763, na baada ya miaka michache Astley akatoka jeshini kama watokavyo askari wengi: ana nguvu, ana ujuzi, lakini hana kazi.

Mwaka 1768 alikodi kiwanja huko Lambeth, kusini ya mto Thames, akafungua skuli ya kufundisha kupanda farasi. Asubuhi alifundisha, na alasiri aliwaonyesha watu yale ayawezayo mwenyewe: kusimama juu ya farasi aendaye mbio, kusimama juu ya farasi wawili kwa pamoja, kuokota kitu chini bila ya kushuka. Inaelezwa kuwa aliyetaka kusimama alitoa nusu shilingi, na aliyetaka kukaa alitoa shilingi nzima. Na ujue, msomaji, kuwa kibarua wa London siku hizo alipata shilingi mbili au pungufu yake kwa kazi ya kutwa. Shilingi haikuwa kitu cha kutupa.

Astley hakuwa mtu wa kwanza kusimama juu ya farasi. Wako waliomtangulia. Lakini wengi wa hao walikwenda mbio kwa mstari, na mtazamaji aliwaona mara moja tu wanapompita. Astley aliwazungusha farasi wake katika duara, na katika jambo hilo dogo mna faida mbili. Ya kwanza ni kuwa watu wote wanauona mchezo tangu mwanzo hata mwisho. Ya pili ni ya elimu. Farasi azungukapo, mpandaji husukumwa upande wa nje, naye akijilaza kidogo upande wa ndani, nguvu hizo hulingana zikamshika asianguke. Mwendo ukiwa mzuri na duara likiwa na kipimo chake, mtu husimama juu ya mgongo wa farasi kana kwamba yuko sakafuni. Baada ya kujaribu sana ikaonekana kuwa kipimo kifaacho ni futi 42 kutoka ukingo hata ukingo, yaani karibu mita 13. Hata leo duara la sarakasi duniani hupimwa kwa kipimo hicho.

Mkewe naye alikuwa mpanda farasi, na inasimuliwa kuwa alikuwa akipanda huku mikono yake imefunikwa na kundi la nyuki. Baadaye Astley aliona kuwa farasi peke yao huwachosha watazamaji, akawaajiri waendao juu ya kamba, na wapiga vichwangomba, na mchekeshaji. Mchezo wa kuchekesha uliopendwa zaidi ulikuwa wa fundi cherehani asiyejua kupanda farasi. Anapanda akitazama mkiani, anaanguka, farasi anakataa kwenda, kisha anakimbia bila ya mwenyewe, mwishowe farasi ndiye amfukuzaye fundi kuzunguka uwanja. Watu walikufa kwa kicheko. Lakini zingatia, ndugu msomaji: ili mtu aanguke hivyo kila siku asivunjike shingo, lazima awe mpandaji hodari kupita wote waliomo uwanjani. Yule aliyechekwa kuwa hajui ndiye aliyejua zaidi.

Mchezo huo ulienea upesi. Mwaka 1782 Charles Hughes, aliyekuwa mpinzani wa Astley, pamoja na mtunzi wa nyimbo Charles Dibdin, walifungua jumba lao wakaliita Royal Circus, na hapo ndipo jina la sarakasi lilipotumika kwa mara ya kwanza kwa michezo hii. Mwanafunzi wa Hughes, John Bill Ricketts, aliupeleka mchezo huo Marekani. Alifungua uwanja mjini Philadelphia mwezi wa Aprili 1793, na Rais George Washington mwenyewe akaenda kutazama. Ricketts hakudumu. Jumba lake liliungua moto mwezi wa Desemba 1799. Astley naye alijenga jumba Paris, na jumba lake la London liliungua mwaka 1794 na tena mwaka 1803, na kila mara akalijenga upya. Alikufa Paris mwaka 1814.

Twaweza kusema mengi juu ya Astley. Alikuwa mkali na mpenda sifa. Lakini jambo moja hatuwezi kumnyima: alichokiuza kilikuwa wazi. Farasi alikuwa farasi, mgongo ulikuwa mgongo, na aliyetaka kujua siri yake angeliweza kwenda asubuhi akafundishwa. Mcheza hivyo amestahiki kutuzwa.

CHUPA YA MWAKA 1749

Sasa tugeuke upande wa pili.

Mwanzo wa mwaka 1749 lilitokea tangazo katika magazeti ya London. Lilisema kuwa usiku wa tarehe 16 Januari, katika jumba la michezo la Haymarket, patakuwa na mtu atakayeingia ndani ya chupa ya kawaida ya mvinyo. Watazamaji wataruhusiwa kuikagua chupa. Kisha yeye ataingia mzima mzima mbele ya macho yao, na humo ndani ya chupa ataimba.

Je, kuna mwenye akili awezaye kuamini? Jumba lilijaa hata pasiwe na mahali pa kusimama. Walikuja matajiri na maskini, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa mfalme, Mtawala wa Cumberland, aliyekuwa jemadari wa jeshi. Wakangoja. Hapana muziki, hapana mtu, hapana chupa. Walipoanza kupiga kelele akatoka mtumishi akasema kuwa asipotokea mchezaji watarudishiwa fedha zao. Pakatokea mtu mwingine akafanya mzaha kuwa wakilipa mara mbili, mchezaji ataingia katika chupa iliyo ndogo zaidi. Hapo pakachafuka. Wakavunja viti, wakararua mapazia, wakatoa kila kilichokuwamo wakakitia moto barabarani. Inasemekana kuwa mtoto wa mfalme alipoteza upanga wake katika msukosuko huo. Fedha za mlangoni zilikwisha kutoweka. Na ilivumishwa sana kwamba chanzo chake kilikuwa watu wakubwa waliopigiana dau kuwa hapana upuuzi ambao watu wa London hawataukimbilia wakiahidiwa.

Watu walikasirika, na kweli waliibiwa. Lakini walimkasirikia nani? Mwizi aliwaambia waziwazi kuwa mtu ataingia katika chupa. Hakuwaficha neno. Kila mmoja katika wale aliacha akili yake nyumbani kwa hiari, akachukua mfuko wake wa fedha peke yake. Mwongo hahitaji uongo ulio mzuri. Humtosha msikilizaji mwenye hamu.

MTURUKI WA MBAO

Lakini uko uongo ulio na ufundi zaidi, na huu unatugusa sisi kwa jina na kwa mavazi.

Katika mwaka 1770, mjini Vienna, mtumishi mmoja wa serikali aitwaye Wolfgang von Kempelen alimletea Malkia Maria Theresa mashine ya ajabu. Ilikuwa sanduku kubwa lenye ubao wa sataranji juu yake, na nyuma ya sanduku ameketi mtu wa mbao, amevaa joho na kilemba, mkononi ana kiko kirefu. Waliiita Mturuki. Kempelen alifungua milango ya sanduku mmoja baada ya mmoja, akapitisha mshumaa nyuma yake, watu wakaona magurudumu na vyuma tu. Kisha aliifunga, akaitia ufunguo kama saa, na yule mtu wa mbao akanyoosha mkono wake wa kushoto akaanza kucheza. Aliwashinda wengi. Katika miaka ya 1783 na 1784 alitembezwa Paris na London, na huko Paris Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, alicheza naye. Mwaka 1809, baada ya Kempelen kufa, hata Napoleon aliketi mbele yake.

Ukweli ni kuwa ndani ya sanduku alikuwamo mtu. Alikaa juu ya kiti chenye kuteleza. Mlango huu ukifunguliwa alisogea huku, na ule ukifunguliwa alisogea kule. Alikuwa na mshumaa wake na ubao wake mdogo, na chini ya kete zilizo juu palikuwa na sumaku zilizomjulisha ni kete gani imekwenda. Kwa zaidi ya miaka themanini sanduku hilo liliwapumbaza watu wa Ulaya na Marekani, mpaka lilipoungua moto katika mji wa Philadelphia mwaka 1854.

Sasa tuulize: Kwa nini alivishwa kilemba? Majeshi ya Waturuki yalikuwa yameuzingira mji huo huo wa Vienna mwaka 1683, na kumbukumbu yake ilikuwa haijafutika. Machoni mwa watu wa pale Mturuki alikuwa mtu wa kuogopwa, tena mtu wa siri na maajabu. Juu ya hayo, sataranji yenyewe iliwafikia Wazungu kupitia kwa Waislamu, waliopokea kutoka Uajemi, na Uajemi kutoka Bara Hindi. Katika Baghdad ya karne ya tisa na ya kumi walikuwako mabingwa kama al-Adli na as-Suli walioandika vitabu juu ya mchezo huo. Basi mchezo ulichukuliwa na shukrani haikutolewa, kisha mwenye mchezo akafanywa kinyago cha mbao. Uongo ukikosa nguo zake, huazima za jirani.

Kempelen huyo huyo alikuwa na kazi nyingine iliyo ya kweli. Kwa muda wa miaka mingi alitengeneza chombo cha kutoa sauti kama ya mwanadamu, kwa viriba vya hewa na mirija, na mwaka 1791 alichapisha kitabu juu ya namna mtu anavyotamka maneno. Wataalamu wa sauti wanakiheshimu hata leo. Lakini makundi ya watu yalilikimbilia lile sanduku la uongo. Hiyo nayo ni hasara ya soko la macho. Humlipa mtu zaidi kwa uongo wake kuliko kwa elimu yake, mpaka mwenyewe akajuta kuwa aliutengeneza.

MTOTO, NGURUWE NA JITU

Upande wa tatu ndio mzito zaidi.

Katika miaka ya 1780 palikuwa na nguruwe aliyetembezwa Uingereza akiitwa msomi. Alitandaziwa kadi zenye herufi na tarakimu, akaulizwa suala, naye akachagua kadi moja moja kwa mdomo mpaka jibu likakamilika. Aliyemfundisha alimwashiria kwa alama ndogo ambazo watazamaji hawakuzitambua. Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, alipoelezwa kuwa mnyama huyo bila shaka ameteswa sana ili ajifunze, inapokewa kuwa alijibu kwa mzaha kwamba nguruwe hana la kulalamika, kwani asingelisomeshwa angelikwisha kuchinjwa zamani. Jibu hilo lachekesha, lakini halijibu swali. Kumwepusha mnyama na kisu si ruhusa ya kumtesa maisha yake yote.

Na kama hivyo ni kwa mnyama, itakuwaje kwa mtoto? Joseph Grimaldi alizaliwa London mwaka 1778. Mwaka 1781, kabla hajatimiza miaka mitatu, baba yake alikwisha kumpandisha jukwaani katika jumba la Sadler's Wells. Inasimuliwa kuwa mtoto huyo alivishwa ngozi ya kima, akafungwa mnyororo kiunoni, na baba akawa anamzungusha hewani. Usiku mmoja mnyororo ulikatika, mtoto akarushwa katikati ya watazamaji, akadakwa na mzee mmoja. Baba alikufa mwaka 1788, na mtoto wa miaka tisa akawa ndiye wa kuilisha nyumba. Alipokua alikuwa mchekeshaji mkubwa kupita wote nchini mwake. Lakini mwaka 1823, naye hajafika hata miaka 45, mwili wake ulikuwa umekwisha kuvunjika kwa kuruka na kuanguka, na katika tamasha la kuaga mwaka 1828 alicheza akiwa ameketi, kwa kuwa miguu haikumbeba. Watu walicheka miaka arubaini. Bei ya kicheko hicho aliilipa yeye kwa mifupa yake, na deni lilianza kabla hajajua kuhesabu.

Kisha yuko Charles Byrne. Huyu alizaliwa mwaka 1761 kaskazini ya Ireland, akakua kwa urefu usio wa kawaida, zaidi ya mita 2 na robo. Mwaka 1782 alikwenda London, akawa anaonyeshwa chumbani kwa ada ya shilingi mbili na nusu. Alikwenda kwa hiari yake, akachuma, akaweka akiba. Waliomwona walisema ni kijana mpole. Lakini urefu ule ulikuwa maradhi, na mwili ulimchoka. Akaanza kunywa sana. Inaelezwa kuwa aliibiwa akiba yake, zaidi ya pauni 700. Mwezi wa Juni 1783 alikufa, naye ana umri wa miaka 22 tu.

Kabla ya kufa aliogopa jambo moja. Alijua kuwa matabibu wapasuaji wanauvizia mwili wake. Akawaomba rafiki zake wamtie katika jeneza la risasi, wakamzamishe baharini, mkono wa mtu usimfikie. Rafiki zake walilipeleka jeneza pwani. Lakini mwili haukuwamo. Tabibu John Hunter, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote, alikwisha kutoa fedha akaupata njiani. Akauchemsha mpaka ikabaki mifupa, na mifupa hiyo ikasimamishwa katika makumbusho yake. Kwa zaidi ya miaka mia mbili watu walipita wakitazama.

Tuwe na insafu. Elimu ilipata faida. Mwaka 1909 tabibu Harvey Cushing aliliangalia fuvu lake akaona dalili za uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo, na mwaka 2011 wataalamu walichunguza meno yake wakagundua kasoro ya kurithi ambayo iko hata leo kwa baadhi ya watu wa kaskazini ya Ireland, na hivyo wakaweza kuwasaidia. Lakini sisi tunaojua heshima ya maiti, na haraka ya kumsitiri, hatuwezi kuiacha habari hii hapo. Byrne aliuza kuonekana kwake alipokuwa hai. Kuonekana kwake baada ya kufa hakukuuza. Alikukataa kwa kinywa chake. Miaka ikapita, vizazi vikapita, na mwaka 2023 ndipo Chuo cha Wapasuaji cha Uingereza, chenye makumbusho hayo, kilipotangaza kuwa mifupa hiyo haitaonyeshwa tena hadharani. Hata hivyo kilisema kitaihifadhi kwa utafiti. Bahari aliyoiomba hakupewa.

SHEREHE YA ISTANBUL

Pengine msomaji ameanza kusema moyoni: Hayo ni mambo ya Wazungu. Asifanye haraka.

Mwezi wa Septemba 1720, Sultani Ahmed wa Tatu wa Waturuki alifanya sherehe ya kuwatahiri wanawe wanne. Ilidumu siku kumi na tano katika uwanja wa Okmeydanı nje kidogo ya Istanbul. Kila chama cha mafundi kilipita na kazi zake. Walikuwako wapiga vichwangomba, na wapigana mieleka, na vichekesho, na fataki za usiku. Katika ghuba ya mji kamba zilifungwa baina ya milingoti ya majahazi, watu wakaenda juu yake, na maji yako chini. Mshairi Vehbi aliandika kitabu cha sherehe hiyo, na mchoraji Levni akakipamba kwa picha ambazo mpaka sasa ni fahari ya sanaa ya Kituruki.

Tazama uzuri uliokuwamo. Hapana aliyelipa mlangoni. Watu walilishwa masinia ya wali. Na pamoja na watoto wa Sultani walitahiriwa watoto maskini kwa maelfu, inatajwa 5,000, kwa gharama ya mfalme. Mtoto wa mchukuzi na mtoto wa Sultani walipata furaha moja katika siku moja.

Lakini nani alilipa? Hazina ndiyo iliyolipa, na hazina ni ya watu. Miaka ile iliendelea kwa majumba ya starehe na bustani na karamu, na huku vita na Uajemi vikienda vibaya na kodi zikiwaelemea watu. Mwaka 1730 muuza nguo kuukuu mmoja, aliyepata kuwa askari, jina lake Patrona Halil, aliinua watu. Waziri mkuu Ibrahim Pasha, aliyekuwa mtu wa mbele katika anasa za zama hizo, akauawa, na Sultani akavuliwa ufalme. Sherehe ya 1720 peke yake siyo iliyomwangusha. Ila watu wenye njaa huikumbuka karamu kwa namna nyingine.

MIZANI

Basi, ndugu msomaji, katika habari hizi twaweza kutoa maswali matatu ya kupimia tamasha lolote.

La kwanza: Siri yake ikifunuliwa, je, kitabaki kitu? Farasi wa Astley alikwenda mchana kweupe na bado watu walishangaa. Sanduku la Mturuki lingelifunguliwa siku moja tu, lisingelibaki ila mtu mmoja amejikunja gizani.

La pili: Anayetazamwa, je, anaweza kukataa? Byrne aliye hai aliweza. Byrne aliyekufa hakuweza, wala mtoto wa Grimaldi katika mnyororo wake.

La tatu: Ni nani anayelipa kwa kweli? Maana kila kicheko kina mwenye kukigharamia, na mara nyingine hayumo ukumbini.

Leo duara la futi 42 limeingia katika kiganja cha mkono. Mtu hukaa barazani na simu yake akaona kwa saa moja maajabu ambayo gulio la Smithfield lisingeyakusanya kwa mwaka. Humo mna ustadi wa kweli wa kumfurahisha mtu na kumfunza. Mna na chupa za mwaka 1749, kila siku, na watu bado wanajazana. Na mna jambo ambalo twalipita bila ya kulitazama: wazazi wanaowapiga picha watoto wao wakilia, wakiogopa, wakiaibika, kisha wakawatandaza mbele ya dunia ili wahesabiwe watazamaji. Hakuna ngozi ya kima wala mnyororo wa kiunoni. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kukataa, kama alivyokuwa hawezi mwaka 1781.

Hatusemi watu wasifurahi. Moyo una haki yake ya kupumzika, na mcheza vizuri ana haki ya kutuzwa. Tunasema tu kuwa jicho ambalo halina pazia linahitaji mwenyewe awe na akili nyuma yake. Wale wafanya biashara wa London hawakumlazimisha mtu. Walisimama mlangoni wakangoja shilingi, na ilipokuja walijua ni kipi cha kuonyesha kesho. Shilingi ya mtazamaji ndiyo iliyomlea Astley katika kazi yake, na ndiyo hiyo iliyompandisha jukwaani mtoto wa Grimaldi.